Barabara Nayo Ina Paa

Mvua ya masika kule milima ya Usambara haipigi hodi. Ilitukuta juu ya Soni, upande wa kwenda Bumbuli, saa nane mchana, na kila mwenye akili zake akakimbilia baraza la duka. Bodaboda waliingiza pikipiki chini ya bati, akina mama wa kabichi wakafunika matenga yao kwa turubai, nami nikajibana katikati ya magunia ya viazi. Ndipo nikamwona mzee mmoja anatoka. Amejitanda mfuko wa mbolea uliochanwa upande mmoja ukawa kofia na koti kwa pamoja, jembe begani, gambuti miguuni, anaingia mvuani polepole kama mtu anayekwenda kuangalia ng'ombe wake zizini. Nilidhani amesahau kitu shambani. Hakwenda shambani. Alishika katikati ya barabara, macho chini; kila hatua kumi au kumi na tano anasimama, anatazama maji yanaelekea wapi, anainama, anakwangua kidogo kwa jembe, anaendelea.

Ilipoanuka nikamfuata.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamuuliza kwa nini hakungoja mvua iishe. Akanijibu bila kugeuka: "Jua likiwaka barabara inadanganya. Kila mahali panaonekana pazima. Mvua ndiyo inayosema."

Yeye na wenzake kumi na mmoja, wanaume kwa wanawake, ni kikundi cha kijamii chenye mkataba wa matengenezo ya kawaida ya barabara ya changarawe inayopita kijijini kwao. Tangu siku ile nimejizoesha kupita kwao kila nipandapo milimani. Nimewakuta masika, nimewakuta kipupwe wamevaa makoti, nimewakuta kiangazi vumbi limewageuza nyusi kuwa nyekundu, nimewakuta vuli. Nimewahi kukaa na maseremala na wafinyanzi nikaandika habari zao, lakini sijaona ufundi unaodharauliwa kama huu. Ukimwona mtu na chepe kando ya barabara unasema huyo anachimba tu. Kumbe sehemu kubwa ya ujuzi wake ni kujua pa kutochimba.

Msimamizi wao ni mama wa makamo, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye mlima wa pili, na ndiye aliyenipa somo la kwanza. Aliniuliza kama nimewahi kuezeka nyumba. Nikasema nimewahi kushika ngazi. Akacheka, akasema inatosha. "Barabara ni paa lililolazwa chini, kaka yangu. Ukilijua paa, umeijua."

Paa lina mgongo, lina vipaa viwili vinavyoteremka, na chini yake maji yana pa kwenda. Barabara ya udongo au changarawe nayo ni hivyohivyo: mgongo katikati, mteremko kila upande, mitaro pembeni. Fundi wa makuti atakwambia paa halivuji kwa kuwa mvua ni kubwa, huvuja kwa kuwa maji yamepata mahali pa kukaa. Juu ya barabara maji yakikaa, tairi la kwanza linayakanda na udongo, la pili linarusha tope kando, la mia moja linaacha bakuli. Bakuli likiwa na maji, kila gari linalopita linalichimba zaidi, na kabla ya masika kwisha una shimo la kumeza gurudumu la Canter.

Hesabu yake ukiisikia unaiona ndogo. Barabara ya upana wa mita 5 ina mita 2.5 kutoka mgongoni hadi ukingoni. Kwa kila mita moja uso wake unapaswa kushuka sentimita 5 au 6 hivi, kwa hiyo ukingo unakuwa chini ya mgongo kwa sentimita 15 tu au pungufu. Kasoro ya shubiri! Shubiri hiyo isipokuwepo, barabara ni bwawa. Ikizidi mno, madereva wanaogopa kuegemea mtaroni, kila mtu anapita katikati, magurudumu yote yanafuata mistari miwili ileile, na mgongo wenyewe unachimbika ukawa mifereji miwili. Nimeyaona yote mawili kwenye barabara moja, tena yakitenganishwa na kona moja.

Kupima wanatumia ubao mnyoofu wenye mguu upande mmoja. Ubao unalazwa kuanzia mgongoni, mguu unasimama ukingoni, na juu yake inakaa pimamaji ya fundi mwashi. Povu likitulia katikati, mteremko umekubali. Msimamizi hupiga goti, hufumba jicho moja, kisha huita, "Ongeza!" au "Toa!" na kijana mwenye reki anaongeza au anatoa kiasi cha kujaza bakuli la uji. Mzee wangu wa mvua hautaki huo ubao. Siku moja, walipokwisha kushindilia kipande, alifungua chupa yake ya maji ya kunywa akamwaga kidogo katikati ya barabara. Maji yalisita pale yalipoangukia, yakavimba kama yanajiuliza, kisha yakagawanyika, mkondo mmoja kushoto, mwingine kulia. Akafunga chupa. Msimamizi akanitazama kwa jicho la kusema unaona mambo ya wazee, lakini hakurudia kupima.

Yakishafika pembeni, maji yanaanza ukorofi wake wa kweli. Juu ya barabara yametawanyika, hayana nguvu. Mtaroni yamekutana, na mlimani yanapata mbio. Mtaro ulioachwa ujilinde wenyewe kwenye mteremko mkali haukai mtaro. Msimu mmoja ni korongo, msimu wa pili umekula bega la barabara, wa tatu gari halipiti. Hapa ndipo nilipoona kijana mgeni kikundini akikaripiwa. Alikuwa amepewa mita zake za mtaro kusafisha, naye kwa bidii ya ujana alilima nyasi zote hadi udongo ukabaki uchi, mwekundu, unapendeza kama uwanja uliofagiliwa. Alisimama akitegemea sifa. Msimamizi alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Nani kakwambia ulime? Nimesema fyeka!"

Nyasi za mtaroni zinafyekwa, hazing'olewi. Zikiwa ndefu zinanasa takataka na mchanga, mtaro unaziba. Zikiwa fupi zinapunguza mbio za maji na mizizi yake inashika udongo. Kijana yule alikuwa ameyafungulia maji njia. Walirudi wote, wakachukua vipande vya nyasi kutoka kando ya shamba wakapandikiza, na kwa wiki mbili mzee alikuwa akipita asubuhi kuangalia kama zimeshika.

Pale mlima unaposimama zaidi, nyasi peke yake hazitoshi. Wanajenga vizuizi vya mawe vya kukatiza mtaro, kimoja hapa, kingine kule, na kadiri mteremko unavyozidi ndivyo vizuizi vinavyosogeleana. Nilivipita mara nyingi nikidhani ni mawe yaliyoporomoka. Siku nilipokaa kutazama kimoja kikijengwa nilikaa saa nzima. Kwanza wanachimba msingi mwembamba ukikatiza mtaro na kuingia kwenye kuta zake za pande zote mbili, ili maji yasipate mlango wa pembeni. Kisha mawe yanapangwa, kila moja linageuzwageuzwa hadi lipate tumbo la jirani yake. Sehemu ya katikati inaachwa chini kuliko pande, kama mdomo wa mtungi. Nilipouliza sababu, mzee alichukua kijiti akanichorea: kizuizi kikiwa sawasawa juu, maji yatatafuta pande, yatatoboa ukuta wa mtaro, yatakizunguka, na mwakani utakuta mawe yamesimama peke yake katikati ya korongo kama kaburi. Katikati pakiwa chini, maji yanapita pale yalipoambiwa. Mwisho wanatandika mawe bapa upande wa chini, mahali maji yatakapoangukia, maana maji yanayoanguka yanachimba kuliko yanayopita. Nyuma ya kizuizi mchanga unajaa wenyewe baada ya mvua chache, mtaro unakuwa ngazi, na maji yanashuka ngazi kwa adabu badala ya kukimbia.

Halafu kuna mchepuko. Neno hili wakilitaja vijana wa kikundi lazima wacheke, kwa kuwa mtaani mchepuko ni jambo lingine kabisa, la kuvunja nyumba. Wa barabarani unaokoa nyumba. Ni mfereji unaoyatoa maji mtaroni na kuyapeleka porini au shambani kabla hayajawa mengi. Ufundi wake uko kwenye pembe. Ukiuchimba kama msalaba, maji hayageuki. Yanapiga kona, yanaacha mchanga mlangoni, yanaziba. Unapaswa kuondoka mtaroni kwa upole, kama njia ya mguu inavyoachana na barabara, na ushuke kidogo tu.

Ila upande wa pili wa mchepuko pana shamba la mtu, na mwenye shamba hataki mto wa tope kwenye karoti zake. Mwaka mmoja mkulima alikuwa akiziba mchepuko usiku kwa mgomba, wao wanazibua asubuhi, yeye anaziba tena. Msimamizi hakwenda kwa mjumbe. Alikwenda na miche ya mabingobingo. Wakapanda safu mbili pale maji yanapomwagikia, zikaota, maji yakifika yanatawanyika na kuacha tope lake humo, na mkulima akapata majani ya ng'ombe wa ndani bila kupanda mlima kuyatafuta. Milima hii ya Usambara imejaa hekima ya aina hiyo; watu wake wamepigana na mmomonyoko kwa vizazi, wanajua udongo ukishafika Mombo, chini bondeni, haurudi. Mara ya mwisho nilipopita, mkulima yuleyule alikuwa akimgombeza mtu wa bodaboda aliyeegesha pikipiki mdomoni mwa mchepuko.

Kalavati ndilo lenye visa. La kwao kubwa lina kipenyo cha sentimita 60, na kijana mwembamba anaingia akitambaa. Kabla hajaingia anapiga bomba kwa fimbo, kwa heshima ya nyoka. Husafishwa kuanzia upande wa kutokea maji. Nilidhani ni mazoea tu, mpaka nilipoona sababu: ukianza juu, maji yaliyonaswa ndani yanakufuata wewe na tope lako kwenye kisima kisicho na mlango. Ukianza chini, kila chepe unalotoa linafungua njia, na maji yanakusaidia kazi. Kalavati lililolazwa vizuri lina mteremko kidogo, sentimita 2 hadi 4 kwa kila mita, ili maji yenyewe yasombe mchanga wake. Lililolazwa bapa litasafishwa milele. Mwaka mmoja, mwezi wa pili, walitoa humo ndani kandambili tatu za mguu wa kushoto, sufuria bila kitako, na magunzi ya kutosha kuchemshia chai ya watu wote. Kandambili za kulia ziko wapi, hakuna anayejua.

Watu wengi wanadhani kazi hii inaanza mvua ikiharibu barabara. Kalenda yao haikubali hivyo. Mwaka wa barabara unaanza Juni, masika yakiwa yameisha na udongo bado una unyevu. Hapo ndipo pa kuchonga uso upya, kurudisha mgongo, kujaza mashimo na kushindilia, kwa sababu udongo hushikana ukiwa na majimaji ya kiasi. Mkavu haushindiliki, unatimka. Unyevu ukiisha, ama uletwe kwa boza, ama kazi ingoje. Wananionyesha kwa ngumi: kamata udongo, finya, fungua kiganja. Ukibaki donge lenye alama za vidole, anza kazi. Ukimwagika, umechelewa. Ukichuruzika, hujafika wakati.

Hili nililijua kwa machungu kabla sijawajua wao. Miaka kadhaa iliyopita, kwenye barabara ya kwetu, ambayo si hiyo, lilikuja greda Agosti, jua kali, udongo mkavu kama unga. Tulishangilia. Lilipita mara mbili, likakwangua changarawe yote nzuri, likaisukuma kando ikawa tuta refu ukingoni, likaondoka. Bila maji, bila kushindilia. Kwa wiki tatu tulipita kama tuko lami. Kisha upepo ukachukua unga uliokuwa ukishikilia mawe, mawe yakabaki yanabingirika, na vuli ilipokuja lile tuta likazuia maji yasifike mtaroni. Barabara ikawa ndiyo mtaro. Dereva wa greda hakuwa mvivu; alifanya kazi sahihi katika mwezi usio wake, na hasara yake ilizidi ya kama asingekuja.

Uso wenye mawimbi nao una siri yake. Yale makunyanzi yanayotingisha meno hutengenezwa na magurudumu yanayoruka, na wengi huyatibu kwa kujaza mabonde kwa udongo laini. Baada ya siku chache yamerudi palepale, kana kwamba barabara ina kumbukumbu. Dawa ni kukata hadi chini ya bonde, kuchanganya upya, na kushindilia. Kwa mkono ni kazi ya kuvunja mgongo, kwa hiyo kikundi hiki huyawahi yakiwa machanga kwa kuburuta tairi kuukuu la lori nyuma ya trekta la kuazima. Tairi lina jiwe juu yake. Mara nyingine juu ya jiwe amekaa mtoto, na msimamizi anapiga kelele.

Kipupwe kikishapita ni kufyeka kando ili dereva aone kona, kupaka rangi mawe, kunyoosha vibao. Sitakaa sana hapo. Ni kazi ya kufaa lakini haina mafumbo. Septemba na Oktoba wanarudi mitaroni kabla ya vuli. Januari na Februari, kiangazi kikiuma, wanakusanya changarawe na kuiweka mafungu mafungu kando ya sehemu korofi, tayari kwa masika, kama mtu anayeweka kuni kavu uvunguni. Changarawe ni mali inayopotea. Tabaka la kawaida la sentimita 15 linaweza kupungua sentimita 1 hadi 3 kwa mwaka, kutegemea magari na mvua. Linakwenda wapi? Angalia majani ya migomba yaliyo kando ya barabara. Angalia shati la kondakta.

Chini yao, kwenye barabara ya lami inayopanda kutoka Mombo kupitia Soni hadi Lushoto, wapo mafundi wengine, na ufundi wao ni kiraka. Nilikuwa nikidhani shimo la lami linazibwa kwa kumwaga kitu cheusi na kukanyaga. Fundi anayeijua kazi yake kwanza analikuza shimo. Analichonga liwe la pembe nne, kuta zikiwa wima, hadi afike kwenye lami nzima isiyotikisika, kwa sababu kingo za mviringo zilizolegea hubanduka na kiraka pamoja nazo. Anafagia vumbi lote, maana lami haishiki vumbi. Anapaka lami nyepesi chini na kwenye kuta. Anajaza kwa tabaka, anashindilia kuanzia kingoni kuingia katikati, na mwisho anaacha kiraka kiwe juu kidogo tu kuliko barabara, magari yaje yamalizie. Niliona mmoja akipitisha kiganja pale kiraka kinapokutana na barabara, macho yakiwa kwingine, kama fundi cherehani anayetafuta mshono. Kiraka kizuri ni kile ambacho abiria aliyesinzia hakukijua.

Ubaya ni kwamba adui wao hupita juu ya kazi yao mchana kutwa. Majaribio makubwa yaliyofanyika Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kuwa ekseli iliyobeba uzito maradufu haiumizi lami maradufu. Madhara yake yanakaribia mara 16. Nilimweleza hivyo dereva wa lori la kabichi. Alinisikiliza kwa adabu, akafunga turubai, akaomba tenga moja la mwisho lipandishwe.

Barabara za milima hii zina historia isiyopendeza yote. Lushoto iliitwa Wilhelmstal enzi za Wajerumani, na chini ya wakoloni, wa kwanza na wa pili, barabara za nchi hii zilijengwa na kutunzwa pia kwa jasho la kulazimishwa. Asiyeweza kulipa kodi aliilipa kwa jembe. Baada ya uhuru ukatumika msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, na wazee wa Tanga na Upare bado wanalitamka neno hilo kwa sauti ya kujivunia iliyochanganyika na maumivu ya kiuno. Jirani zetu Kenya walijaribu njia nyingine. Mwaka 1974 walianza mpango wa barabara za vijijini uliotegemea nguvukazi badala ya mitambo, na barabara ilipokwisha, mmoja wa wale walioijenga aliajiriwa kwa muda kuitunza: kilometa moja na nusu au mbili, karibu na mlango wake. Mtu mmoja, kipande chake, jembe lake. Naupenda mpango huo, kwa kuwa anayeishi kando ya kalavati haambiwi na mkaguzi kwamba limeziba, analisikia usiku. Kwetu kipo chuo cha serikali Mbeya kinachofundisha ujenzi wa barabara kwa nguvukazi, na wanaotoka huko unawatambua kwa jinsi wanavyoshika pimamaji.

Hata yule Mskoti John Loudon McAdam, aliyepewa kusimamia barabara za Bristol mwaka 1816 na ambaye jina lake limekwama kwenye lami za dunia nzima, hoja yake kubwa haikuwa lami. Alisema ardhi ya asili ndiyo inayobeba mzigo, na itaubeba ikiwa tu ni kavu. Kazi ya mawe ya juu ni kuikinga na maji. Nilimsimulia mzee habari hizo tukiwa tumekaa kwenye ukuta wa kalavati tukila mahindi ya kuchoma. Alitafuna, akameza. "Huyo naye alitembea mvuani," akasema.

Tangu Julai 2017 barabara kama hizi ziko chini ya TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini. Kabla ya hapo zilikuwa mikononi mwa halmashauri. Fedha nyingi za matengenezo hutoka Mfuko wa Barabara, unaojazwa na tozo ndani ya bei ya mafuta. Maana yake yule bodaboda anayewapigia honi wasogeze toroli lao ameshachangia kulinunua, lita moja moja. Msimamizi humkumbusha hivyo, tena kwa jina la ukoo wake.

Kazi yenyewe ni ya kipande. Asubuhi kila mtu anapimiwa mita zake, akimaliza anakwenda shambani. Kwa hiyo saa nne au saa tano barabara imeshabaki peke yake, na mgeni anayepita mchana huapa kwamba haijawahi kushikwa na mtu.

Nilipanda tena mwishoni mwa Aprili. Usiku kulikuwa kumenyesha. Mzee alinisindikiza hadi nipate pikipiki ya kushuka, na njiani alikuwa akinieleza habari ya mtamba wake aliyekataa kula, kwamba wamempa chumvi, kwamba mtaalamu wa mifugo amesema ni minyoo lakini yeye ana wasiwasi na meno. Katikati ya maelezo akasimama. Tairi la lori lilikuwa limepita ukingoni likaacha kamfereji, na udongo uliosukumwa umefanya mdomo mdogo, usiozidi unene wa vidole viwili, uliozuia maji yasishuke mtaroni. Maji yalikuwa yamejikusanya nyuma yake, mekundu, kiasi cha kikombe. Hakuwa na jembe siku hiyo. Aliweka kisigino cha gambuti juu ya ule mdomo, akasukuma mara moja, mara mbili. Maji yakaona njia, yakateleza, yakaingia mtaroni.

"Halafu jana," akasema, akianza kutembea tena, "nikamfungua mdomo mwenyewe."